Majibu Arobaini ya Akinyi

Jumatatu, 3 Novemba

Malori kumi na moja kabla ya chai ya saa nne. Mahindi ya Moi's Bridge, mengi bado mabichi. Watu wanavuna kwa pupa kwa sababu mvua imekataa kuisha. Nimetoboa magunia na bambo, hicho chuma chetu cha kuchomolea punje, mpaka kiganja kikavimba. Akinyi anaandika, mimi napima unyevu. Akinyi anaongea na madereva, mimi nanyamaza. Ndivyo tumefanya kazi miaka sita kwa hiki chumba cha ubora na hakuna aliyelalamika.

Kuna dereva ameniambia, "Madam, hata hiyo mashine inaongea kukushinda." Wote wakacheka. Nikacheka pia. Jibu zuri lilinijia saa nane nikinawa mikono. Siku zote ni hivyo.

Notisi ubaoni: kesho kazi inasimama saa nne hadi saa saba. Semina ya kujitambua. Bosi wetu, Bwana Kiptoo, ameleta mtu kutoka Nairobi. Sitaki kujitambua. Nataka kupanga sampuli za wiki iliyopita, zimejaa mpaka dirishani.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefanya jambo la kijinga. Niliandike upesi kabla sijaanza kulipamba.

Tulikaa kwa mabenchi ya kantini, watu ishirini na kitu. Mwezeshaji ni kijana wa suti ya bluu na viatu vilivyochongoka, Kiingereza kingi. Akasema binadamu ni aina nne. Moto, Upepo, Maji, Udongo. Moto ni viongozi, wanafikiri haraka, wanaamua. Upepo ni waongeaji. Maji ni wapatanishi. Udongo ni waaminifu, wanapenda kazi ya kurudiarudia. Hakusema wajinga. Lakini alipofika kwa Udongo alitabasamu vile mwalimu hutabasamu akimsifu mtoto aliyeshika mkia kwamba angalau ameandika jina lake vizuri.

Akagawa karatasi. Maswali arobaini, visanduku, penseli. Akasema hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Nani aliamini hiyo? Sisi tumesoma shule ambako karatasi yoyote yenye visanduku ni mtihani, na mtihani una majibu. Halafu Bosi akasimama pale nyuma akaongeza kwamba kiti cha msimamizi wa mapokezi kiko wazi, na safari hii hatachagua kwa macho, atachagua kwa hiyo karatasi. Basi kila mtu akakunja mkono kuficha yake.

Swali la kwanza: ukiona kosa, unasema papo hapo? Nikafikiria. Kosa gani? La nani? Mbele ya nani? Nilipofika swali la sita, mwezeshaji akasema zimebaki dakika tano. Nikaangalia kando. Akinyi amemaliza zamani. Ameweka penseli chini, anatafuna kucha. Karatasi yake iko wazi kabisa. Yeye peke yake hakukunja mkono.

Nikakopi. Yote. Hata yale sita niliyojibu mwenyewe nikayafuta, nikaweka yake.

Mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Nimekopi tabia ya mtu mwingine.

Jumatano, 5 Novemba

Najiuliza kwa nini. Jibu najua, halihitaji semina.

Darasa la nne mwalimu alitupanga viti kwa namba. Wepesi mbele, wazito nyuma. Nilikaa nyuma miaka minne. Majibu nilikuwa nayo, ila yalikuwa yakifika wakati mwalimu ashafuta ubao. Mama akaenda shuleni kuuliza, akaambiwa mtoto ni mzito lakini ana adabu. Alirudi nyumbani amefurahia adabu. Hilo neno lingine nimetembea nalo kutoka Bungoma mpaka hapa Eldoret.

Akinyi haulizwi kitu mara mbili. Mdomo wake na kichwa chake vimepakana. Hesabu zake za uzani mimi ndiye humfanyia, ni kweli, lakini hesabu ni kukaa tu na kitu mpaka kikubali. Yeyote mwenye subira anaweza. Akili ni ile yake. Na ukikosa jibu, unaangalia karatasi ya mwenye akili.

Ijumaa, 7 Novemba

Matokeo yamesomwa kwa kantini, majina kwa sauti, kama pale shuleni siku ya kufunga.

Akinyi: Moto. Makofi. Hakuna aliyeshangaa.

Mimi: Moto. Mtu mmoja akacheka. Halafu makofi, ya watu ambao hawajui wanapigia nini. Kipkemboi wa mizani, ambaye ana akili ya kufungua injini na kuifunga bila kuangalia, ametoka Udongo. Alipewa beji ya kahawia, akaitia mfukoni. Bosi mwenyewe ni Moto. Alikuwa ametutangulia kutuambia.

Beji yangu ni nyekundu. Naivaa shingoni.

Bosi akasema amejua siku zote Nekesa ana hesabu, kumbe ana na moto pia, na vitu hivyo viwili kwa mtu mmoja ni nadra. Kiti nimepewa mimi. Mwezi mmoja wa majaribio. Akinyi akanikumbatia mbele ya watu wote. "Yawa, Mama Tabi! Ulikuwa umejificha wapi?" Alikuwa na furaha ya kweli, mashavu yamejaa. Hakuna hata chembe ya wivu.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema asante.

Jumapili, 9 Novemba

Tabi ameivaa beji yangu tangu tutoke kanisani. Amezunguka nayo ploti nzima hapa Munyaka akiwaambia majirani mama yake ni Moto. Mama mwenye nyumba amekuja kunipa mkono. Sijui aliambiwa nini hasa.

Tabi ana miaka kumi. Ripoti yake ya muhula iko kwa sanduku. Mwalimu ameandika: ana bidii, ila ni mzito kidogo. Ni kama walirithishana kalamu.

Jioni akaniuliza, na mimi ni nini, Mama? Nikamwambia na wewe ni Moto. Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, nilimwona anafikiri, vile macho yake hutulia mahali pamoja. Akasema hapana, mimi huchukua muda. Alisema bila huzuni, kama anayetaja namba ya kiatu.

Nilitaka kumwambia hata mimi huchukua muda. Ningesemaje, na beji imelala hapo mezani kati yetu? Nikamwambia aende kunawa miguu.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya kwanza ya usimamizi. Maombi ya asubuhi pale getini ni mimi niliongoza. Niliomba kwa sauti ya Akinyi. Hata "Baba wa mbinguni" niliivuta vile yeye huivuta. Watu wakasema amina kwa nguvu.

Jana nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Namna ya kusimama. Namna ya kujibu kabla swali halijaisha. Ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unachukua kitu cha kwanza kilicho karibu na ulimi na unakirusha.

Nimefokea madereva wanne. Mmoja ni mzee wa umri wa baba yangu. Akaniambia samahani, Madam. Nilitaka kumfuata nimwombe msamaha, lakini Moto hamfuati mtu. Kichwa kimeniuma kuanzia saa nane.

Jumatano, 12 Novemba

Mkutano wa wiki. Bosi akauliza kwa nini foleni ya malori inafika barabarani. Zamani ningesema nipe siku mbili niangalie. Leo nimesema papo hapo: tupime gunia moja kwa kila ishirini, badala ya moja kwa kila kumi.

Ni upuzi. Yeyote aliyewahi kununua mahindi anajua mabichi hufichwa chini na katikati. Ukipunguza kupima unanunua ukungu. Nilijua ni upuzi neno la mwisho likiwa bado mdomoni. Lakini wote waliinama wakaandika. Bosi akapiga meza, akasema mnaona? Mnaona vile mtu wa Moto hufikiri?

Miaka sita nimesema ukweli polepole kwa hiyo meza na hakuna aliyechukua kalamu.

Nilisikia raha. Niandike na hiyo. Nilisikia raha mpaka masikio yakapata joto.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefika kazini saa kumi na mbili asubuhi, watu hawajaja. Malori yaliyolala kwa foleni nimeyapima mwenyewe, kila gunia la kumi, na ya chini pia. Nimefanya kwa siri ili wazo langu la akili nyingi lisiozeshe ghala. Lori moja nimelikataa. Dereva akaniuliza mbona jana walisema mnapima machache. Nikaonyesha beji.

Nafanya kazi ya watu wawili sasa. Mmoja wa kuonekana na mmoja wa kurekebisha. Miguu imevimba.

Ijumaa, 14 Novemba

Imeharibika.

Saa tano tumeitwa ofisini, mimi na Akinyi. Mwezeshaji ameandika kutoka Nairobi. Alikuwa anaingiza karatasi kwa kompyuta akaona mbili zinafanana. Maswali arobaini, alama arobaini, bila tofauti hata moja. Hata swali moja lililowekwa alama mbili kwa makosa, kwa zote mbili liko na alama mbili. Sikumbuki nikiweka. Mkono ulikuwa unafuata tu.

Bosi alikuwa ameshaamua kabla hatujaketi. Hakuniangalia hata. Akamwambia Akinyi: wewe kila siku unapelekea Nekesa hesabu akufanyie, dunia nzima inajua. Sasa hata hii?

Akinyi akasema hajakopi kwa mtu. Bosi akacheka. Akauliza, basi ni Nekesa amekopi kwako? Nekesa huyu? Alisema vile mtu angesema, ati ng'ombe amepanda mti.

Akinyi akageuka akaniangalia. Alielewa hapo hapo, niliona ikimwingia usoni. Nilingoja apige kelele. Akinyi hupiga kelele chumvi ikizidi kwa mboga. Hakupiga. Alikunja mikono kwa mapaja akaangalia chini, akangoja.

Alikuwa ananingoja mimi. Ni mimi nilitakiwa kusema. Na mimi nikaanza kufikiri. Nilifikiri kuhusu kiti, kuhusu Tabi, kuhusu vile nitasema, nianze na neno gani. Nilipopata neno la kwanza Bosi alikuwa ameshasimama anafungua mlango.

Mara hii siwezi kulaumu uzito. Mzito angesema akiwa amechelewa. Mimi sikusema kabisa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nusu siku. Akinyi ameandika, nimepima. Ananisomea namba, namsomea namba. Kumi na tatu na nusu. Kumi na nne. Kumi na sita, rudisha. Maneno mengine hakuna. Chai amekunywa kwa mizani na Kipkemboi.

Jumatatu, 17 Novemba

Bosi ameamua. Bohari ndogo ya Moi's Bridge inahitaji mtu wa ubora. Akinyi anahamia huko kuanzia tarehe moja Desemba. Si kufukuzwa, amesema. Ni nafasi ya kujirekebisha.

Mama yake Akinyi anawekwa kwa mashine ya kusafisha damu, figo zimekataa, Jumanne na Ijumaa, hapa mjini. Ni Akinyi humpeleka asubuhi kabla ya kazi, na ni yeye humrudisha nyumbani Kimumu jioni. Hakuna mwingine. Ndugu yake mmoja yuko nje ya nchi na huyo hupiga tu simu. Bosi anajua. Akasema kila mtu ana mama.

Barua imepitia kwangu. Mimi kama msimamizi natakiwa kuweka sahihi kwamba nimeiona. Nimeweka sahihi.

Jumanne, 18 Novemba

Sikusema.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikusema. Leo nilifika mpaka mlangoni kwa Bosi. Nikaulizwa nataka nini, nikasema karatasi za printa zimeisha. Akasema ndiyo maana anawapenda watu wa Moto, wanaona tatizo kabla halijafika.

Kila kitu ninachofanya kinakuwa Moto. Nikinyamaza wanasema napima maneno. Nikikosea wanasema ni ujasiri. Zamani nikinyamaza walisema sijui, na nikikosea walisema si ndiye huyo. Mtu ni yuleyule! Nguo ni zilezile, ubongo ni uleule. Nimekasirika leo mpaka nimevunja kikombe, na sijui nimekasirikia nani. Kwanza mimi.

Jumamosi, 22 Novemba

Mama yake Akinyi amenipigia simu saa nne asubuhi. Sikutarajia. Sauti yake imekuwa nyembamba. Amesema Akinyi hajui kwamba amepiga. Ameambiwa tu kwamba binti yake amehamishwa kikazi. Akasema, "Nyathina, nasikia siku hizi wewe ni mkubwa hapo. Ongea na bosi wenu atusaidie. Akinyi hukutaja vizuri sana."

Nyathina. Mtoto wangu. Nilisema sawa, Mama. Nilisema nitaongea naye. Akaniombea hapo hapo kwa simu, dakika tatu nzima, kwamba Mungu aniinue zaidi.

Nilikaa kwa kitanda. Tabi alikuwa anaosha vyombo nje, anaimba. Nilitamani simu iwe imekosea namba. Nilitamani niwe kweli mjinga, ule ujinga wa kutojua, kwa sababu huu wa kujua na kukaa kimya siuwezi. Sijala.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimesema.

Saa mbili na nusu, kabla ya maombi. Sikubisha hodi vizuri. Nimesema: Bwana Kiptoo, ni mimi nilikopi. Akinyi hakuniangalia hata. Nimekopi maswali yote arobaini na yangu sita nikayafuta.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa barua ya kufutwa. Akaegemea kiti, akaniangalia kama baba. Akatabasamu. Akasema hiyo ndiyo Moto sasa! Kiongozi wa kweli hujitwika makosa ya watu wake. Akasema alikuwa anangoja kuona kama nitafanya hivyo.

Nikarudia. Nikasema si kujitwika, ni ukweli. Akasema anaelewa. Akasema urafiki ni kitu kizuri. Akafungua faili yangu, akaandika kitu, nadhani ni sifa.

Nikatoka, nikasimama hapo nje kwa kokoto. Jamani. Nimesema ukweli na umeniongezea cheo. Kuna mlango gani mwingine?

Niliongoza maombi. Sikumbuki niliomba nini.

Jumanne, 25 Novemba

Nimelala nikifikiri na nimeamka nikifikiri, na saa tatu nimerudi. Nimemwambia Bosi anipe karatasi nyingine. Maswali yaleyale, hapa mbele yake, peke yangu. Kama kweli mimi ni Moto, dakika kumi zitanitosha.

Akaona ni mchezo mzuri. Akanipa karatasi na penseli, akaniweka kwa meza yake mwenyewe, akaenda ghalani kuangalia magunia.

Swali la kwanza. Ukiona kosa, unasema papo hapo? Nilikumbuka kila kosa nililowahi kuona. Kuna mengine nilisema. Kuna moja lililokaa siku kumi. Nikaandika kando ya kisanduku: inategemea ninaogopa nini. Swali la pili nikaandika pia. Sikuwa nafanya makusudi. Nilikuwa najibu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najibu kweli, na nilisahau kabisa niko wapi.

Bosi aliporudi saa yake ilisema saa nzima na robo zimepita. Alisimama nyuma yangu. Nilikuwa swali la kumi na moja. Pembeni mwa karatasi kulikuwa kumejaa maandishi yangu madogo, mpaka nyuma.

Akachukua ile karatasi, akasoma yote kumi na moja, pande zote. Akauliza, polepole, na sijawahi kumsikia akiuliza kitu polepole: "Wewe hufanyaga hivi kwa kila kitu?"

Nikasema ndiyo.

"Hata mahindi?"

Hata mahindi.

Akaangalia dirishani, malori yalikuwa yamefika barabarani. Sijui alikuwa anahesabu nini. Halafu akanyoosha mkono, akasema toa beji.

Jumatano, 26 Novemba

Barua ya onyo kwa faili yangu. Akinyi anabaki Eldoret na anashika usimamizi. Upimaji umerudi gunia moja kwa kila kumi, Bosi mwenyewe amesema, bila kueleza.

Moi's Bridge bado inahitaji mtu. Ni mimi. Chumba kimoja, mashine moja, hakuna mikutano. Bosi akasema kazi ile inafaa watu wa aina yangu. Sijui kama ilikuwa adhabu au alikuwa ananisaidia, na nadhani hata yeye hajui. Nimepewa beji ya kahawia. Karatasi yangu haikumalizwa wala haikuhesabiwa. Neno Udongo amelijaza yeye, na kalamu ya wino.

Nimemwambia Tabi ukweli wote, kwa maneno yenyewe. Neno kukopi alilielewa vizuri. Aliuliza kama Akinyi alilia. Nikasema mbele yangu hapana. Akauliza kama Moi's Bridge kuna shule. Iko.

Ijumaa, 28 Novemba

Wananiita Fotokopi. Nimepita kwa kantini mtu akaiga sauti ya mashine, zzzt, zzzt. Wamecheka mpaka chai ikamwagika. Wana haki.

Akinyi amekaa kile kiti. Anakiweza, ni kama kilichongwa kwa ajili yake. Madereva wanamtii na wanacheka papo hapo. Asubuhi alinipa orodha ya vifaa vya kwenda navyo Moi's Bridge, akanisomea kimoja kimoja kama mtu wa dukani. Nilitia tiki. Nilimwambia pole. Akasema endelea, bambo mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisa asubuhi. Baadaye kufunga vitu. Godoro, meza, mtungi wa gesi, sufuria. Pikapu inakuja kesho saa moja.

Saa tisa Akinyi amekuja, bado na nguo za kanisa. Alisimama mlangoni. Hakuketi na chai hakutaka. Alisema mama yake anaendelea, Ijumaa alipata mashine mapema. Alisema hajanisamehe na nisimharakishe. Siku kumi, alisema. Siku kumi alikuwa anaangaliwa kama mwizi, na mimi namsomea namba. Nikasema ni kweli.

Halafu akauliza kwa nini yeye. Watu ishirini kwa kantini, kwa nini karatasi yake. Nikamwambia kwa sababu wewe ndiye mwenye akili.

Alishika kitasa cha mlango akawa anakizungusha. Kisha akasema siku ile ofisini hakunitaja kwa sababu hata yeye hakuwa msafi. Bosi aliposema kiti kiko wazi, aliiogopa ile karatasi. Alijua akijijaza yeye mwenyewe atatoka Upepo, kelele tu, na hao hawapewi kitu. Kwa hiyo kila swali alijiuliza, Nekesa angejibu nini? Yote arobaini. Ndiyo maana alimaliza upesi, hakuwa na haja ya kufikiri. Ukiona kosa, unasema? Akaweka ndiyo, kila mara. Alikumbuka ule mwaka wa ukame, nilipokataa lori zima la mtu mkubwa. Bosi anafoka, simu zinapigwa kutoka huku na huku, na mimi nimesimama hapo getini nikisema hapana. Mara tatu, alisema. Alihesabu.

Mimi siku hiyo nakumbuka mizani tu. Niliiegemea nisije nikakimbia.

Akasema haya, safari njema. Akaenda. Sikumjibu, jibu halikuwa limefika.

Nilikaa kwa kizingiti mpaka jua likaondoka uani. Tabi akaja akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nafikiri. Akaketi kando yangu, akangoja.